Mgongo wa Kifaranga

Maji ya tangi lile yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu chembe za mchanga zilizotuama chini. Lilikuwa tangi la saruji, kina chake hakifiki gotini, limejengwa katikati ya ua usio na mti wala paa. Mama mwenye tangi alikuwa amenunua vifaranga wa sato mia tano, kila mmoja hazidi punje ya mpunga, na kila alfajiri alikuwa akiwabadilishia maji ili wasikae kwenye uchafu. Siku ya tano wakaanza kuonyesha baka la kijivu mgongoni, kuanzia kisogoni hadi penye pezi. Siku ya saba baka likaota kitu cheupe kama pamba.

"Ugonjwa umeingia, mwanangu," aliniambia, akinyanyua kichupa cha dawa alichouziwa dukani.

"Shikamoo kwanza, mama," nikasema, tukacheka, kisha nikapiga magoti kando ya tangi.

Matumbo ya vifaranga hayakuwa na doa. Mbavu nazo zilikuwa safi. Kilichoharibika ni mgongo peke yake. Na kwenye kona moja, ambako mtu alikuwa ameegemeza ubao ukutani ukaangusha kivuli cha upana wa viganja viwili, vifaranga walikuwa wamesongamana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Wengi wa hao walikuwa wazima. Vimelea vya ngozi havina kawaida ya kushambulia upande wa juu na kuuacha wa chini. Vikishamvaa samaki, hutapakaa mwili mzima. Kinachochagua upande wa juu ni jua.

Ukimwambia mtu kwamba samaki anaweza kuungua na jua akiwa ndani ya maji, atakuona unatania. Sisi tumezoea kuyakimbilia maji jua likituchoma, tukadhani yanayotupoza ndiyo yanayotukinga. Joto ni jambo moja, mionzi ni jambo jingine. Maji yanaweza kuwa ya baridi kama ya Mlima Kenya na bado yakapitisha mionzi ya urujuanimno, ile ambayo jicho letu halioni lakini ngozi inaijua. Katika vituo vya kuzalisha trauti, samaki wa maji baridi, hali hii imejulikana tangu miongo ya mwanzo ya karne iliyopita: trauti wachanga waliowekwa kwenye mifereji myeupe isiyo na kivuli walichubuka mgongo, na waliowatunza wakaanza kuyaita maradhi hayo kwa jina la kuchunika mgongo kabla hawajajua chanzo chake.

Ili kuona kwa nini kifaranga huungua upesi hivyo, tuanze na ngozi yetu wenyewe. Tabaka la nje kabisa la ngozi ya binadamu limekwisha kufa. Ni seli zilizokauka, zimejaa keratini, zimelaliana kama makuti juu ya paa, na sehemu ya mionzi ya jua huishia hapo kabla ya kugusa kilicho hai. Samaki hana makuti hayo. Ngozi yake iko hai mpaka ukingoni. Hata seli inayogusana na maji inaishi, na kati yake na maji pana ute tu. Msomaji ataniuliza habari za magamba. Magamba unayoyaparua jikoni yameota kwenye tabaka la chini la ngozi, na juu yake umetandazwa utando hai mwembamba, ule unaotoka pamoja na utelezi mkononi. Tena kifaranga aliyeanguliwa juzi hana hata hayo magamba. Ngozi yake katika siku za kwanza ina unene wa seli mbili hivi. Ukimweka chini ya hadubini unaona moyo ukidunda, utumbo ukijikunja na damu ikikimbia, kwa kuwa hakuna pazia. Na pale mwanga unapopenya ukuonyeshe moyo, urujuanimno nao una njia.

Ngozi hiyo nyembamba imebebeshwa kazi ambazo baadaye zitafanywa na viungo vingine. Matamvua ya kifaranga hayajakomaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya hewa anayoivuta huingia kwa ngozi. Seli zinazosawazisha chumvi mwilini, ambazo kwa samaki mzima hukaa kwenye matamvua, kwake zimetawanyika juu ya ngozi na juu ya mfuko wa kiini cha yai anaoubeba tumboni. Samaki wa maji baridi daima yumo katika hatari moja: maji yanataka kumwingia na chumvi inataka kumtoka. Ngozi ndiyo inayoshikilia mambo yasiharibike. Kwa hiyo ngozi ya kifaranga ikichubuka, maumivu ni sehemu ndogo tu ya msiba. Anakosa pumzi na anavuja chumvi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana vifaranga wengine hufa kabla baka halijaonekana, na mfugaji huokota asubuhi maiti zisizo na alama yoyote.

Mionzi yenyewe imegawanywa katika makundi matatu kwa urefu wa wimbi. Kundi C, chini ya nanomita 280, ndilo kali kupita yote, nalo huzuiwa lote angani lisitufikie. Kundi B, kati ya nanomita 280 na 315, huchujwa na ozoni kwa sehemu kubwa, na kinachosalia kinatosha kutuunguza. Kundi A, kati ya 315 na 400, hupita karibu lote. Kundi B likiifikia seli, hupiga DNA moja kwa moja: herufi mbili zinazokaa jirani kwenye uzi huo hugandana, na mashine ya seli inayokuja kunakili uzi hukwama palepale. Seli yenye makwamo mengi hujiua. Wataalamu wakikata kipande cha ngozi ya samaki aliyeungua wakakitazama, wanaona seli zilizosinyaa, viini vyake vimejikunja na kuwa vyeusi, sawasawa na zile zinazoonekana kwa binadamu aliyelala ufukweni mchana kutwa. Kisha ngozi huvimba maji, seli zinazotengeneza ute hupungua, na utando wa nje hujibandua.

Huko kupungua kwa seli za ute kunastahili kutazamwa peke yake. Ute ndio unaozoa vijidudu vilivyotua mwilini na kuvisukuma nje. Ndani yake mna kemikali zinazoviua. Watafiti wa Innsbruck, Austria, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mionzi ya kundi B huzipunguza seli hizo kwenye ngozi za samaki wa aina mbalimbali. Sasa chukua bwawa lolote la maji baridi: mbegu za ukungu wa majini zimo humo siku zote, zikisubiri. Samaki mwenye ute kamili hazimpati. Aliyechubuka ni mlango uliosahauliwa wazi. Ile pamba aliyoiona mama yule ilikuwa mgeni aliyeingia baadaye, na dawa aliyouziwa ilikuwa ya kumfukuza mgeni huku mlango ukiendelea kubomolewa kila saa sita mchana.

Huku kwetu jua hilo ni kali kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwenye ikweta mwanga hutushukia karibu wima, njia yake angani ni fupi, na tabaka la ozoni juu ya tropiki ni jembamba kwa maumbile, kabla hata binadamu hajaligusa. Tundu la ozoni lililotangazwa mwaka 1985, pamoja na Mkataba wa Montreal wa 1987 uliofuata, ni habari za Antaktika kwanza. Sisi tulikuwa na jua letu kali tangu zamani. Ongeza mwinuko. Kila mita 1,000 unazopanda huongeza mionzi hii kwa takriban asilimia 10, na Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kipimo cha Shirika la Afya Duniani, namba 11 na kuendelea huitwa hatari iliyopindukia, na namba hiyo huvukwa mara nyingi katika nyanda za juu za Afrika Mashariki anga likiwa wazi adhuhuri.

Mbona basi maziwa yetu hayajajaa samaki waliochunika migongo? Jibu limo ndani ya maji, na ndipo mtu aliyelelewa kusifu maji maangavu anapopata taabu. Maji matupu huzuia mionzi kidogo sana. Kinachoizuia ni yale yaliyochanganyika nayo: mwani, tope, na zaidi ya yote maji ya majani yaliyooza, yale yanayoupa mto wa msituni rangi ya chai ya rangi. Katika bahari angavu ya matumbawe mionzi ya kundi B huweza kufika mita nyingi chini na bado ikawa na nguvu ya kudhuru. Katika ziwa la rangi ya chai hukatika ndani ya sentimita chache. Mikoko, ambayo wavuvi wanaijua kama kitalu cha samaki, husimama juu ya maji ya namna hiyo hiyo: yamekolea rangi ya majani, na juu yake matawi. Samaki wachanga huingia huko kutafuta chakula na kuwakwepa wakubwa, lakini kivuli nacho wanakipata bure.

Samaki wenyewe wanaonekana kulijua jambo hili. Huko Pennsylvania, Marekani, yapo maziwa mawili yaliyochunguzwa na kundi la Craig Williamson, na matokeo kutolewa mwaka 1997. Moja, Giles, ni angavu. Jingine, Lacawac, lina rangi ya chai. Samaki yule yule, perchi wa manjano, hutaga mayai yake karibu na uso wa maji katika Lacawac, lakini katika Giles huyashusha kina kirefu, ambako ni baridi na mayai huchelewa kuanguliwa. Mayai yaliyowekwa karibu na uso wa maji huko Giles yaliteketea. Katika Ziwa Tahoe, nalo la Marekani na maarufu kwa uangavu wake, mionzi ile ile imekuwa askari wa mpakani: samaki wageni walioletwa na watu hushindwa kulea watoto wao kwenye kingo ambako maji ni angavu, na hufaulu pale yalipochafuka, wakati samaki wa asili wa ziwa hilo wanastahimili. Kwa hiyo sishangilii maji machafu kwa ujumla. Ziwa Victoria limepoteza samaki wengi wa rangi rangi katika maji yaliyozidi kuwa mazito, na huo ni msiba wa aina nyingine. Ninachosema ni kwamba kwa kifaranga wa wiki moja, uangavu ni gharama, na mtu lazima ailipe kwa kitu kingine: kina, kivuli au mwili wa mama.

Mwili wa mama si maneno ya kunogesha. Sato jike hubeba mayai yake kinywani, na vifaranga baada ya kuanguliwa hurudi humo humo wakitishwa, mpaka watakapoweza kujitegemea, yapata wiki mbili. Desturi hiyo inaelezwa vizuri zaidi kwa maadui kuliko kwa jua, lakini paa ni paa. Kituo cha kuzalisha vifaranga humkamata jike, humfungua kinywa, hutikisa mayai yakaangukia kwenye beseni, na kuanzia hapo kuyaangulia kwenye chupa za maji yanayozunguka. Ni kazi nzuri, na bila hiyo mfugaji asingepata vifaranga mia tano wa umri mmoja. Ila mtu aliyechukua nafasi ya kinywa cha mama amechukua na wajibu wa kuezeka.

Kifaranga naye hakuja duniani mikono mitupu. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walieleza kwamba samaki hutengeneza wenyewe kemikali iitwayo gadusoli, ambayo awali ilikuwa imeonekana kwenye mayai ya chewa wa Atlantiki na ikadhaniwa kwamba imetokana na chakula. Gadusoli hunyonya mionzi ya kundi B na haina rangi. Hapo ndipo uzuri wake: melanini nyeusi ingemkinga kifaranga pia, lakini ingemfanya aonekane na kila mwenye njaa, wakati gadusoli humwacha angavu kama kioo. Mama huiweka ndani ya yai. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walizalisha samaki wa aina ya zebra, wale wadogo wa maabara wenye mistari, wasioweza kuitengeneza, wakaona viinitete vyao vinadhurika upesi zaidi na mionzi. Wakalinganisha pia ganda la yai na melanini, na gadusoli ikaonekana kuwa kinga kubwa kuliko zote. Samaki walio wengi bado wana uwezo huo. Waliokwisha kuupoteza ni wale ambao watoto wao hawaoni jua.

Melanini inayo kazi, lakini mahali maalumu. Mtafiti mmoja wa Boston alikuwa akijaribu kutazama seli mama za damu kwenye figo ya kifaranga wa zebra, na kila akitazama kutoka juu seli nyeusi zilimzibia. Badala ya kuendelea kuzilaani, akaziangalia umbo: zilikuwa zimetanda juu ya figo kama mwavuli. Kundi lake lilipochukua samaki wasio na seli hizo na kuwaangazia mionzi, seli mama za damu zilipungua. Habari hiyo ilitoka mwaka 2018. Kwa viluwiluwi wa chura mwavuli upo vilevile, mpaka miguu inapoota na seli za damu kuhamia ndani ya mifupa. Ukitazama kifaranga wa sato kwa kioo cha kukuzia utaona vitone vyeusi juu ya kichwa na kando ya uti wa mgongo. Siku hizi sivipiti bila kusimama.

Kinga nyingine hutoka kwenye sahani. Majaribio ya trauti nchini Marekani katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba samaki walionyimwa naiasini, yaani vitamini B3, walichubuka ngozi chini ya mionzi ambayo wenzao walioshiba vitamini hiyo waliistahimili. Binadamu hali yake ni hiyo hiyo. Upungufu wa naiasini huleta pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi pale inapopigwa na jua, shingoni na mikononi, na uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwaka 1990 walipokuwa wakiishi kwa mahindi pasipo kitoweo cha kutosha. Mama yule alikuwa akiwalisha vifaranga wake pumba za mahindi, na pumba tupu. Sikumwambia kwamba hilo ndilo lililowaua. Nilimwambia achanganye unga wa dagaa.

Limebaki jambo ambalo kwangu ndilo linaloshangaza kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Albert Kelner, akiwa Cold Spring Harbor huko New York, alikuwa akiangazia vijidudu kwa urujuanimno kisha anahesabu waliopona. Hesabu zilimkataa: leo wanapona wachache, kesho wengi kupita kiasi. Akadhani ni joto. Mwishowe akagundua kwamba chombo chake kilikuwa karibu na dirisha, na waliopona ni wale walioangaziwa na mwanga wa kawaida wa mchana. Mwanga wa buluu huamsha kimeng'enya kinachoshika zile herufi za DNA zilizogandana na kuzitenganisha. Jua moja, mkono huu unabomoa na mkono huu unajenga. Sisi na jamaa zetu mamalia wenye kondo tulikipoteza kimeng'enya hicho zamani. Samaki wanacho. Kifaranga aliyeungua akiwekwa kwenye mwanga hafifu hujikarabati vizuri zaidi kuliko akiwekwa gizani, kwa hiyo kulifunika tangi kwa turubai jeusi siku nzima ni huruma iliyokosea njia.

Na yupo samaki mmoja wa upande huu wa Afrika anayethibitisha habari hii kwa kuikosa. Chini ya jangwa la Somalia, katika maji ya mapangoni, anaishi samaki asiye na macho, asiye na magamba, asiye na rangi. Ukoo wake umekaa gizani kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kwamba uwezo wa kujikarabati kwa mwanga nao umemtoka. Hakuna kilichomdhuru kwa kuupoteza.

Tulichofanya uani hakikuhitaji duka. Tuliezeka nusu ya tangi kwa makuti yaliyofumwa kwa kuachana, si lote, ili vifaranga wachague wenyewe na mwanga uendelee kupenya. Nilimtahadharisha kwamba kivuli chini ya anga wazi hakikati mionzi yote, kwa sababu anga lenyewe huitawanya ikaja kutoka kila upande. Ndipo tukagusa kile alichokuwa akijivunia, yale mabadiliko ya maji ya kila alfajiri. Hakupenda. "Yaani niwaache kwenye maji ya kijani?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa aache kufagia. Nikamwambia ndiyo, ya kijani lakini yasinuke, atie samadi ya kuku kidogo kwenye kiroba na kukining'iniza pembeni, na apime kwa mkono kama wafugaji wengi wa mabwawa wanavyopima.

Wale wenye vidonda vilivyoingia ndani walikufa karibu wote. Wale wa baka la kijivu walijibandua utando, wakabaki na mgongo uliofifia siku kadhaa, kisha rangi ikarudi. Nilipopita tena wiki ya tatu, maji yalikuwa na rangi ya kisamvu kilichokaribia kuiva. Mama alikunja mkono wa dera, akainama, akazamisha mkono wake taratibu huku akikiangalia kiganja. Kilianza kufifia kwenye kifundo cha mkono. Maji yalipogusa kiwiko, vidole havikuonekana tena.